Maisha ya Walter Huston, Muchezaji wa Sinema

Ukurasa huu wa maisha ya watu wenye jina, mara hii tunautoa kwa Walter Huston wa Kanada, aliyekufa mwaka 1950. Kati ya wachezaji wa sinema wa wakati wake alikuwa mumoja wa wakubwa. Hapa Kolwezi jina lake halisikiki sana, lakini mutaona kama maisha yake yanagusa inchi yetu zaidi ya mara moja, na kazi ya mugodi vilevile. Njo sababu tumemuchagua.

Walter alizaliwa Toronto, muji mukubwa wa Kanada, mwezi wa 4 mwaka 1883. Jina la jamaa lilikuwa Houghston, kiisha likafupishwa kuwa Huston. Baba yake alikuwa mutu wa kazi ya kujenga manyumba, na kijana naye aliingia kazi ile ya kujenga. Lakini moyo wake ulikuwa kwa teatre. Alijifunza kucheza, na mwaka 1902 akapanda jukwaani. Akazunguka Marekani pamoja na vikundi vya teatre, leo muji huu, kesho muji ule.

Mwaka 1904 alimuoa Rhea Gore. Mutu mwenye bibi anatafuta mushahara. Basi Walter akaacha teatre, akawa musimamizi wa mashini za umeme katika Nevada, muji mudogo wa jimbo la Missouri. Ni pale mutoto wao John alizaliwa, mwaka 1906. Sisi wa Kolwezi tunaelewa kazi ya namna ile. Wazazi wengi hapa wangefurahi sana kama mutoto wao angeandikwa kazi kwenye umeme wa Nzilo: mushahara unafika, nyumba iko, watu wanakusalimia kwa heshima. Walter alikuwa na vile vyote. Walakini mwaka 1909 aliviacha, akarudi kwa teatre.

Hatutaki kuficha upande mubaya. Ndoa ile ilivunjika. John alikulia sana kwenye shule za kulala, na wakati wa likizo alimufuata baba yake huku na huku, kutoka teatre moja hata nyingine. Anayesifu kipaji cha Walter akumbuke kama bibi na mutoto nao walikilipia.

Na kurudi hakukumuletea utajiri. Karibu miaka 15 alicheza vodevili, ni kusema teatre ya nyimbo na vichekesho, pamoja na Bayonne Whipple, aliyemuoa mwaka 1915. Alikuwa amekwisha kupita miaka 40 ndipo teatre kubwa za New York zilimufungulia mulango, mwaka 1924. Mwaka ule alicheza muzee mumoja wa shamba, mugumu sawa jiwe, katika muchezo wa Eugene O'Neill unaoitwa Desire Under the Elms. Tangu pale watu wakamujua. Sinema ilipoanza kusema kwa sauti, akaingia filme mwaka 1929, na mwaka 1930 akacheza Abraham Lincoln, yule rais aliyefungua watumwa wa Marekani.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1926 Walter alicheza New York katika muchezo unaoitwa Kongo, na mwaka 1932 akaucheza tena katika filme ya jina lile lile. Ndani yake yeye ni muzungu kiwete anayekaa porini, anatawala wenyeji kwa hila na uchawi wa uongo. Kongo ile ilijengwa katika studio za Marekani: majani, giza, ngoma, homa, na watu weusi wanaoogopa kila kitu. Muchezaji alikuwa fundi, hatubishi. Lakini hata mutu mumoja mule ndani hafanani na babu zetu, ambao katika miaka ile ile walikuwa wakiyeyusha shaba ya Union Minière kule Lubumbashi, wakijenga reli, wakiimba katika makanisa.

Miaka 4 nyuma ya ile, mwaka 1936, akacheza Cecil Rhodes katika filme Rhodes of Africa. Huyu Rhodes tunamujua katika masomo ya historia, kwa maana alitamani Katanga. Mujumbe wake Alfred Sharpe alifika Bunkeya mwaka 1890, na Mwami Msiri alimukatalia. Mwaka uliofuata alifika kapiteni Stairs, muzaliwa wa Halifax katika Kanada, akitumikia upande wa Leopold II, na tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa. Bunkeya leo iko katika jimbo letu la Lualaba. Kwa hiyo Mukanada mumoja alishika Katanga kwa bunduki, na Mukanada mwingine akamucheza yule aliyeikosa. Katika filme ile kuna jambo moja la kupendeza. Mufalme Lobengula alichezwa na muzee wa Kindebele, Ndansi Kumalo, ambaye mwaka 1896 alikuwa amepigana kweli na watu wa Rhodes. Muzee yule hakuhitaji kufundishwa uchungu wa inchi iliyonyanganywa. Alisafiri hata Uingereza kwa kazi ile.

Walter alizidi kupanda. Mwaka 1936 vilevile alicheza Dodsworth, mwenye kiwanda cha motokari anayepotewa na bibi, na mwaka 1941 akacheza Shetani mwenyewe, mwenye kucheka na ndevu kidogo. Lakini kazi inayomupita yeye mwenyewe ni ile ya mwaka 1948, The Treasure of the Sierra Madre. Aliyeiongoza ni mutoto wake John, yule wa shule za kulala, ambaye sasa alikuwa mukubwa wa kutengeneza filme.

Ndugu zetu, filme hii ingeweza kutengenezwa hapa Kolwezi. Watu watatu maskini wanapanda mulima katika Mexico kuchimba zahabu kwa mikono, sawa krezeri wetu. Walter ni muzee Howard, aliyechimba maisha yake yote. Mbele ya kuondoka anawaonya vijana kama zahabu inageuza moyo. Hawasadiki. Wanapoipata, wanaanza kuigawanya kila jioni, kila mutu anaficha fungu lake, hakuna anayelala vizuri. Mumoja wao, Dobbs, anapiga mwenzake risasi, na yeye mwenyewe anauawa na wezi njiani. Wezi wanafungua mifuko, wanazani ni muchanga tu, wanaimwanga, na upepo unairudisha mulimani. Muzee Howard anapopata habari, anacheka sana, kiisha anakwenda kuishi katika kijiji cha wenyeji, kwa sababu pale aliponyesha mutoto wao.

Ili kucheza muzee yule, John aliomba baba yake atoe meno yake ya bandia. Walter, muchezaji mwenye sifa, akayatoa, akasimama mbele ya kamera na kinywa cha pengo. Mwaka 1949 baba na mutoto walipata zawadi ya Oscar usiku mumoja. Mutoto aliyelelewa mbali na baba alimupa baba kazi iliyo bora kuliko zote. Sisi tunaona mule namna ya kupatana, hata kama haikusemwa.

Walter alikufa Beverly Hills tarehe 7 Aprili 1950. Mwaka 1951 John alikuja kweli katika Kongo, akapiga filme The African Queen kwenye Ruiki, muto unaoingia Lualaba karibu na Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Ni maji yale yale yanayopita kwetu Nzilo. Wenyeji walijenga kambi na kubeba vyombo, na wengi wa wageni walishikwa na magonjwa. Filme ile inaonyesha mumisionari wa Kimetodisti na fundi wa mashua, na fundi yule walimufanya Mukanada. Kati ya majina ya wachezaji yanayoandikwa kwenye filme, ya watu wa Lualaba hatuyasomi.

Tumefikiri sana juu ya mambo haya, sisi wa mwaka wa mwisho, ambao mutihani wa Serikali unatungojea na kila mutu anatuuliza tutafanya kazi gani. Walter alipocheza Kongo, inchi ambayo hakuijua, alitoa kitisho tu. Alipocheza mutu wa kazi anayechimba na kuzeeka, alitoa ukweli, na ukweli ule unafika hata kwetu ambao hatujaona Mexico. Hapa Kolwezi wako watu wanaojua shimo, wanaojua kugawanya mufuko wa kobalti usiku na hofu ya kupasuka kwa udongo, kuliko mwandishi yeyote wa mbali. Wengi wetu tutakuwa mafundi na mainjenieri, na ni vizuri. Lakini kama kati yenu kuna mwenye kipaji cha kucheza au cha kuandika, asione haya, asizani ni kazi ya wavivu. Walter alingoja zaidi ya miaka 20. Ajifunze sawa fundi, atunze jamaa yake kuliko Walter alivyotunza ya kwake, na acheze watu anaowajua.