Maurice Lugeon: Msomi Aliyeuhoji Mwamba kwa Maji

Maurice Lugeon alizaliwa mwaka wa 1870 mjini Poissy, Ufaransa, ila maisha yake ya usomi yalikuwa Uswisi. Huko Lausanne alifunzwa na mwanajiolojia Eugène Renevier, na hatimaye akawa profesa katika chuo kikuu cha mji huo.

Mwaka wa 1902 alichapisha makala iliyomtangaza duniani. Alishikilia kwamba milima ya Alps ni matabaka makubwa ya miamba yaliyosukumwa mbali na asili yake yakapandiana. Rai hiyo haikukubalika kwa urahisi, lakini ilidumu.

Mwamba uliosafiri hivyo haukosi nyufa, na hapo ndipo mwanajiolojia huyu alipokutana na wahandisi. Ukuta wa bwawa waweza kuwa imara, hali maji yanapenya chini yake na kuudhoofisha msingi. Mwaka wa 1928 bwawa la St. Francis, California, lilibomoka usiku na kuua mamia ya watu. Udhaifu wa miamba yake ulikuwa miongoni mwa sababu.

Katika kitabu chake cha 1933, *Barrages et géologie*, Lugeon alieleza namna ya kuupima mwamba kabla ya kuujengea. Tundu huchimbwa, sehemu yake ikazibwa, kisha maji yakasukumwa humo kwa kanieneo la baa 10. Mwamba ukimeza lita 1 kwa dakika katika kila mita ya tundu, hicho ndicho kipimo kiitwacho lujoni. Kwa mabwawa yenye kimo cha zaidi ya mita 30, alitaka kiasi hicho kisipitwe. Kikipitwa, nyufa zijazwe uji wa saruji. Waliomfuata walitambua kwamba kanieneo kubwa laweza kuzipanua nyufa zenyewe, wakaanza kulipandisha na kulishusha kwa hatua.

Lugeon alifariki mwaka wa 1953. Miaka sita baadaye, bwawa la Malpasset nchini Ufaransa lilivunjika, na zaidi ya watu 400 wakaangamia. Kasoro haikuwa ukutani. Mwamba wa ukingo wa kushoto ulihama kwa nguvu ya maji yaliyopenya nyufani.

Leo jina lake limekuwa nomino ya kawaida, na wengi wanaolitamka kando ya matundu ya majaribio hawajui kwamba aliwahi kuwa mtu.