Bram Moolenaar

Bram Moolenaar (1961 – 3 Agosti 2023) alikuwa mhandisi wa programu za kompyuta kutoka nchini Uholanzi. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa Vim, kihariri cha maandishi kinachotumiwa na waandishi wa programu duniani kote, na kwa msaada wake kwa watoto wa Kibaale, Uganda.

Maisha ya awali

Alizaliwa mjini Lisse. Alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft akahitimu mwaka 1985.

Vim

Moolenaar alizoea vi, kihariri kilichotungwa na Bill Joy mwaka 1976 kwa mfumo wa Unix. Kompyuta yake ya Amiga haikuwa nacho. Mwaka 1988 alichukua Stevie, programu iliyoiga vi, akaanza kuiboresha. Vim ilitolewa kwa umma mara ya kwanza tarehe 2 Novemba 1991.

Lugha ya skripti na ujumbe

Toleo la 5.0 la mwaka 1998 lilikuja na lugha ya skripti, ambayo mtumiaji huitumia kujitungia amri zake. Skripti huzungumza na mtumiaji kwa ujumbe mfupi, kwa kawaida kwenye mstari wa chini wa skrini. Amri ya echo huonyesha ujumbe usiohifadhiwa; skrini ikichorwa upya unaweza kupotea. Amri ya echomsg huuhifadhi, nao husomwa tena kwa amri ya messages. Amri ya echoerr huutoa kama hitilafu.

Katika lugha hiyo ya kwanza, kwa kawaida skripti iliyokosea iliendelea na mstari uliofuata, hivyo kosa moja liliweza kuzaa ujumbe mwingi na chanzo chake kikawa kigumu kuonekana. Moolenaar aliitunga lugha upya kwa jina la Vim9, iliyotoka katika toleo la 9.0 tarehe 28 Juni 2022. Ndani yake makosa mengi hutambuliwa kabla ya kazi kuanza, na kazi husimama kwenye hitilafu ya kwanza. Maboresho yaliyofuata yaliongeza amri ya echowindow, ambayo huonyesha ujumbe katika kidirisha kidogo bila kumkatiza anayeandika.

Kibaale

Mwaka 1994 Moolenaar alifanya kazi kwa mwaka mmoja Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, akiwa mhandisi wa maji na usafi wa mazingira katika kituo cha watoto. UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi huko. Aliporudi Uholanzi alianzisha shirika la ICCF Holland kuwachangia. Vim ilibaki bure: mwanafunzi wa Kibaha au Kisarawe huipata sawasawa na mhandisi wa Ulaya. Badala ya malipo, watumiaji waliombwa kuwachangia watoto hao, na ombi hilo liliwekwa kwenye skrini ya kufungulia programu. Hivyo ujumbe wa Vim uliosomwa na watu wengi ulihusu watoto wa Uganda.

Miaka ya mwisho

Kuanzia mwaka 2006 hadi 2021 alifanya kazi Google mjini Zürich, Uswisi, huku akiendelea kuiongoza Vim. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023 baada ya kuugua. Watumiaji wenzake waliendeleza kazi yake, na toleo la 9.1 la Januari 2024 lilitolewa kwa kumbukumbu yake.