Nyerere na shule ya kusoma pamoja: kilichofaulu chini ya miti, kilichokwama darasani

Luberizi – Kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kaskazini ya Uvira, anayepita Luberizi asubuhi hukutana na watoto wenye sare za buluu na nyeupe wakielekea shuleni. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure katika shule za umma na wazazi wakaacha kulipa prime ya walimu, madarasa ya Kivu Kusini yamejaa. Mwalimu ana ubao, chaki na vitabu vichache. Namna ya kuwafanya watoto wengi wasaidiane kujifunza, badala ya kila mmoja kunakili ubao peke yake, imekuwa shida ya kila siku.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika aliishi mtu aliyehangaika na shida hiyo kwa miaka mingi, kwanza akiwa na chaki mkononi, kisha akiwa na nchi nzima. Wengi huku wanamjua Julius Nyerere kama rais wa kwanza wa Tanzania, na uwanda wa Ruzizi unamkumbuka pia kama mpatanishi wa Warundi. Lakini jina alilokufa nalo ni la kazi yake ya kwanza: Mwalimu.

Alizaliwa Butiama, karibu na Ziwa Victoria, mwezi wa Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, ndiyo kusema mwami wao, na mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa boma hilo. Mtoto alichunga mifugo. Aliingia shule akiwa na umri wa miaka 12, mwaka 1934, huko Mwisenge mjini Musoma. Miaka mitatu baadaye alikuwa Tabora, katika shule ya serikali ya bweni ambayo Waingereza waliijenga kwa mfano wa shule zao za wakubwa. Kutoka hapo akaenda Makerere, Uganda, alikosomea ualimu kuanzia 1943 hadi 1945.

Kila hatua ya safari hiyo ilikuwa mlango mwembamba. Mtihani uliwapitisha wachache na kuwarudisha wengi nyumbani. Kambarage alipita kila mara, na pengine ndiyo sababu alikuja kuufahamu mlango huo vizuri kuliko waliobaki nje.

Alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, hadi 1949, akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akarudi 1952 na digrii na kuanza kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1954 chama cha TANU kilizaliwa, naye akiwa kiongozi wake. Mwaka uliofuata alilazimika kuchagua kati ya siasa na ubao, akaacha ubao. Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru.

Jambo lililomrudisha kwenye shule lilimuumiza. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga sheria ya kuwapeleka katika Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu ya mishahara yao ya kwanza. Hao ndio vijana waliosomeshwa kwa kodi ya wakulima. Nyerere alikasirika. Aliwafukuza karibu 400 na kuwarudisha vijijini kwao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa vijana hao walirudishwa chuoni baadaye, lakini swali lilikuwa limekwisha kumwingia: shule gani hii inayozaa watu wanaojiona wanadaiwa na taifa, wala hawaoni kwamba wao ndio wenye deni?

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kutekelezwa. Wakati huo watoto 87 hivi kati ya 100 waliomaliza shule ya msingi hawakupata nafasi ya sekondari, na wote hao walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa. Masomo yaliwaandaa wale 13. Na hata hao 13 walifundishwa kumtazama jirani wa dawati kama mshindani, kwa sababu nafasi yake ikipatikana, yako inapotea. Nyerere aliona kwamba mtu hawezi kufundishwa ubinafsi kwa miaka saba kisha akategemewa kujenga ushirika kijijini.

Alitaka shule iwe kama jamii ndogo. Iwe na shamba au karakana. Wanafunzi washiriki kupanga kazi, waweke hesabu, wajadili mapato yatumike vipi, wafagie na kuosha wenyewe bila watumishi, na wajifunze kutokana na kosa la pamoja: mbegu ikifa, wakae waulizane kwa nini. Mtihani ushushwe hadhi. Mwalimu naye awe mwenzao katika kazi, asiwe msimamizi anayesimama kivulini.

Mfano ulikuwepo tayari. Huko Litowa, wilaya ya Songea, vijana wa TANU walikuwa wameanzisha kijiji cha kulima pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vijiji vingine vya Ruvuma vikafuata mpaka kuwa na umoja wao. Litowa ilikuwa na shule ya watoto wa vijiji hivyo. Waliishi pamoja, walilima chakula chao, na somo lilianza mara nyingi kutoka kwenye kazi iliyokuwa mbele yao. Nyerere aliijua shule hiyo na kuipenda. Lakini vijiji vya Ruvuma vilizoea kuamua mambo yao wenyewe, na jambo hilo liliwakera wakubwa wa chama. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliupiga marufuku umoja huo na mali yake ikachukuliwa. Chama hicho kilikuwa chini ya uongozi wa Nyerere mwenyewe. Hii ndiyo doa gumu zaidi kufuta katika historia yake ya elimu. Watu walifanya alichokihubiri, wakafungiwa na nyumba yake.

Katika shule za kawaida mambo yalikwenda kombo kwa njia nyingine. Shamba lilikuwa rahisi kuanzisha. Majadiliano hayakuwa rahisi. Katika shule nyingi mwalimu aliagiza, watoto wakalima, mapato yakaenda wasikokujua, na kipindi cha hesabu kikabaki vilevile: mwalimu anasema, darasa linaitikia. Wazazi walinung'unika kwamba hawakumpeleka mtoto shule akashike jembe alilolishika nyumbani. Mwezi wa Novemba 1974, chama kilipokutana Musoma, kiliamua kazi na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe pamoja na alama za mtihani, na kila mtoto apate nafasi ya shule ya msingi mwaka 1977. Wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 1.2 hivi mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walimu hawakutosha. Maelfu ya vijana waliotoka darasa la saba walipewa madarasa huku wakisomeshwa ualimu kazini, kwa mikutano ya kata na vipindi vya redio. Sekondari zilibaki chache sana. Kwa hiyo mlango mwembamba ulibaki palepale, ila foleni mbele yake iliongezeka.

Mafanikio yalitokea mahali pengine, kwa watu wasiokuwa na mtihani wa kuwagawa.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1970, Nyerere alihutubia taifa na kuutangaza huo kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba karibu watu wazima 67 kati ya 100 hawakujua kusoma. Madarasa yalifunguliwa shuleni jioni, ofisini, kanisani, msikitini na chini ya miti. Katika mikoa ya Ziwa Victoria watu walisoma kwa vitabu vilivyoandikwa juu ya kazi zao, kama vile pamba, ndizi na uvuvi. Mtu hakuanza na herufi tupu. Alianza na jambo analolijua kuliko mwalimu wake.

Kisha ikaja redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu kama milioni 2 katika vikundi vidogo nchi nzima, kwa muda wa wiki 12. Kikundi kilikaa kuzunguka redio. Kilisikiliza kipindi, halafu aliyejua kusoma aliwasomea wenzake kijitabu, halafu wakaongea: malaria inatoka wapi hapa kwetu, maji tunayateka wapi, nani hana choo. Kiongozi wa kikundi alikatazwa kuhutubu. Kazi yake ilikuwa kuuliza, na kuhakikisha hata aliyenyamaza amesema. Mwisho wa kikao waliamua kitu cha kufanya kabla ya kukutana tena, na wiki iliyofuata kila mmoja alieleza alichofanya. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, majani yakafyekwa. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine, Chakula ni Uhai, kwa njia hiyohiyo.

Ukitazama vizuri, kikundi kile kilikuwa na mambo ambayo shamba la shule lilikosa. Kilikuwa kidogo, kila mtu alikuwa na sehemu yake, hakuna aliyeweza kumaliza bila wenzake, na uamuzi ulikuwa wao. Watoto wanne waliosogezwa karibu kwenye dawati moja si kikundi bado, kama mmoja anaandika na watatu wanasubiri anakili.

Kufikia 1986 hesabu ya serikali ya Tanzania ilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki chini ya 10 kati ya watu wazima 100. Wakati huo Nyerere alikuwa amekwisha kuacha urais, Novemba 1985. Uchumi ulikuwa umeanguka, vijiji vya ujamaa vilikuwa vimewahamisha wengi kwa nguvu, na shule zilikosa hata madaftari. Hakuyakana makosa hayo yote, ingawa aliyaeleza kwa namna yake.

Alirudi Butiama kulima na kusoma. Kutoka 1996 alisimamia mazungumzo ya Warundi, ambayo baadaye yalikaa Arusha, akiwaketisha watu wa pande nyingi katika makundi ya kazi wakati bunduki zikiendelea kulia ng'ambo ya Ruzizi. Mwaka huohuo familia nyingi za Uvira na Fizi zilivuka ziwa kukimbilia Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Huko watoto wa Kongo waliendelea kusoma kwa programu ya Kongo, wakielekea mitihani ya Kongo.

Mwalimu hakuona mwisho wa mazungumzo ya Arusha. Saratani ya damu ilimuua mjini London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama siku tisa baadaye.