Koilegen wa Kericho na sisi wa Pwani

Kila asubuhi hapa kwetu mahamri na mbaazi hayashuki bila chai, na mara nyingi chai yenyewe imetoka Kericho au Bomet. Ardhi ile ilikuwa ya nani kabla ya chai? Mimi sikuwahi kujiuliza, mpaka nilipopita huko kwa basi nikienda mazishini Kisii. Mzee niliyekaa naye kiti kimoja alinionyesha vilima ambavyo babu zake walilishia ng'ombe, kisha akanitajia Kipchomber arap Koilegen. Niliporudi nyumbani nilimsoma, na leo nawaletea habari zake.

Koilegen alikuwa wa ukoo wa Talai, mtoto wa Kimnyole arap Turukat, Orkoiyot wa Wanandi. Orkoiyot si mfalme wala chifu. Ni kiongozi wa kiroho, ambaye watu walimtaka shauri kabla ya vita na mambo mengine makubwa. Mnamo 1890 hivi Kimnyole aliuawa na watu wake wenyewe, waliomlaumu kwa maafa yaliyowapata. Wanawe wakagawanyika. Koitalel arap Samoei akawa kiongozi wa Wanandi, na Koilegen akaenda kwa Wakipsigis, wakampokea akawa Orkoiyot wao.

Yaliyomfika Koitalel tuliyasoma shuleni. Tarehe 19 Oktoba 1905, afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, alimuua katika mkutano ulioitwa wa amani. Mwaka huohuo jeshi la wakoloni liliwashambulia Wakipsigis wa Sotik, Bomet ya leo, likaua watu na kuteka mifugo. Koilegen alibaki na watu wake, na neno lake lilisikika kuliko la machifu waliowekwa na serikali. Hilo ndilo lililomponza. Mwaka 1914 yeye na nduguze wawili walikamatwa, wakapelekwa uhamishoni Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, na Nyeri. Koilegen hakurudi Kericho. Alifia huko ugenini.

Msomaji wa Pwani atamkumbuka Mekatilili wa Menza. Naye alikamatwa 1913 akapelekwa Kisii, mlango wa pili na Bomet. Serikali ni ileile na dawa ni ileile: mtu anayesikilizwa na watu wake atolewe kwao, hata kama hana bunduki. Mekatilili alitoroka akarudi Giriama. Koilegen hakujaliwa hilo.

Baada yake mambo yalizidi. Ardhi nzuri ilikuwa ikigawiwa walowezi, na katika miaka ya 1920 kampuni kubwa za Uingereza zikaanza kupanda chai. Mwaka 1934 ikapitishwa sheria maalumu ya kuwaondoa Talai. Watu wapatao 700, wanaume, wanawake na watoto, walihamishiwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria na mbung'o. Waliruhusiwa kurudi uhuru ulipokaribia, wakakuta ardhi ina wenyewe. Kosa lao lilikuwa kuzaliwa Talai. Mimi ni Muislamu, imani ya Orkoiyot si yangu. Lakini dini yangu yanifundisha kwamba mtu habebi dhambi ya mwenzake, na dhulma ni dhulma hata ikimfika usiyeswali naye.

Wajukuu wao hawakunyamaza. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilitambua kwamba walidhulumiwa. Mwaka huo pia malalamiko yenye majina ya watu zaidi ya 100,000 wa Kericho na Bomet yalipelekwa Umoja wa Mataifa, na mwaka 2021 wataalamu wake wa haki za binadamu wakaeleza wasiwasi wao waziwazi. Mwaka 2022 kesi ilifikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg. Mfalme Charles alipokuja Kenya 2023 alieleza majuto, lakini hakuomba radhi.

Wako wanaosema huku ni kuanika nguo zetu chafu kwa jirani. Mimi sioni hivyo. Aliyetenda yuko London, na mahakama ya Nairobi haina mkono wa kufika huko. Ukoo mdogo usio na kura za kutosha kumtisha mbunge utapata wapi nguvu, kama si kwa mataifa kuwekeana masharti? Hata hivyo, tusiisahau serikali yetu. Tangu 1963 bendera ni yetu, na wengi wa Talai wangali hawana ardhi.

Hapa Pwani twalijua jambo hili. Kuna wazee wanaoitwa maskwota penye makaburi ya babu zao, na kila uchaguzi huahidiwa hati. Lakini Kericho na Bomet wametutangulia kwa kitu kimoja. Serikali zao za kaunti zilisimama na wananchi, ushahidi wa wazee ukakusanywa ukaandikwa, na faili likawa nzito kiasi cha kusomwa Geneva. Kaunti zetu sita zimeandika nini? Wazee wetu wanaondoka mmoja mmoja, na kila anayezikwa anazikwa na mipaka ya shamba lake kichwani. Tuanze na daftari na kalamu, kabla hajabaki wa kuulizwa.