Nyumba ya Krapf na Kaburi la Kisauni

Wengi wetu tupitapo Nyali kuelekea Kisauni hatukumbuki kuwa karibu na ufuo, upande wa English Point, mahali panapotazamana na Mji wa Kale, alizikwa mwanamke wa Kizungu pamoja na mtoto wake mchanga. Mwanamke huyo ni Bibi Rosine, mke wa Johann Ludwig Krapf. Jina la mume lajulikana kila mahali. Waliokwenda shule walifundishwa kuwa ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, na wenye kushughulika na lugha yetu wamjua kwa sarufi na kamusi yake. Lakini habari za nyumba yake hutajwa kwa neno moja au mawili, kisha msomaji hupelekwa mbio kwenye milima na safari. Sisi leo twataka kukaa kidogo pale nyumbani.

Yafaa tuseme mapema, ili pasiwe na shaka. Krapf alikuja pwani yetu kuwaita watu kwenye dini isiyokuwa yetu, na hilo hatulifichi wala hatulisifu. Hata hivyo twaamrishwa uadilifu kwa kila mtu, na mambo ya mume, mke na mtoto mchanga hayana haja ya kuulizwa dini kwanza ndipo yaeleweke.

Alizaliwa tarehe 11 Januari mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani, na baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akalala kitandani miezi ipatayo sita. Katika kulala huko ndiko alikopata mapenzi ya kusoma. Twaitaja habari hii kwa sababu watu wazima aghalabu hupiga watoto wa wenziwao bila kuuliza, kisha husahau, mtoto hasahau. Baadaye alisoma mjini Basel, Uswisi, na mwaka 1837 akaenda Uhabeshi katika kazi ya chama cha misheni cha Kiingereza, CMS. Huko alikaa miaka kadhaa, zaidi katika nchi ya Shoa, akajifunza lugha ya Waoromo.

Kukaa kwake Shoa peke yake kulimfundisha jambo moja, nalo ni kuwa mtu asiyekuwa na mke hawezi kuishi vizuri katika nchi ile na kufanya kazi ya maana. Basi mwaka 1842 aliteremka hadi Misri, na Rosine Dietrich, msichana wa Basel, akaja huko, wakaoana. Tazama jinsi ndoa ile ilivyoanza. Hapakuwa na nyumba, wala jamaa, wala jirani wa kuja kuazima chumvi. Palikuwa na safari tu. Maharusi walishika njia ya kurudi Uhabeshi, na njia zikafungwa mbele yao.

Katika safari hiyo, mwaka 1843, Bibi Rosine alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake wakiwa nyikani, katika nchi ya Washoho karibu na Massawa. Akajifungua mtoto wa kike. Wakamwita Eneba, neno la Kihabeshi lenye maana ya chozi. Mtoto hakuishi. Wakamzika njiani, na wenye kuwaongoza hawakutaka kungoja, hata mzazi akapandishwa tena juu ya mnyama akaendelea na safari siku chache tu baada ya kujifungua. Kila mwenye kujua desturi zetu za arobaini, mzazi akakaa ndani, akakandwa, akanywa uji wa pilipili manga na asiguse kazi, ataona uzito wa jambo hili bila sisi kulieleza zaidi.

Uhabeshi ulipokataa kufunguka, Krapf aliazimu kuja pwani ya Waswahili, akitumaini kuwafikia Waoromo kwa upande wa kusini. Mwezi wa Novemba 1843 wakapanda chombo cha Waarabu kutoka Aden. Chombo kile kikavuja katika tufani, nusura wazame, wakarejea Aden. Kisha wakapanda kingine. Mwezi wa Januari 1844 walifika Unguja. Seyyid Said bin Sultan aliwapokea kwa ukarimu, akampa Krapf barua kwa maliwali wake wa pwani, kuwataka wamtendee mgeni huyu mema. Mwezi wa Mei mwaka ule ule Krapf alimleta mkewe Mombasa. Bibi huyo alikuwa mjamzito tena.

Hapa ndipo penye miezi miwili ambayo twaweza kuiita maisha ya nyumbani. Tangu waoane hawakuwahi kukaa mahali wakitumaini kubaki. Sasa walikuwa na paa juu yao, soko karibu, na majirani ambao lugha yao mume alikuwa akijifunza kila siku. Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia ni Sheikh Ali bin Muhyiddin, mmoja wa makadhi wa Mombasa. Wako wanaostaajabu kuwa kadhi alikaa na padri kufanya kazi kama hiyo. Sisi hatuoni ajabu kubwa. Habari za Adam, Nuhu na Ibrahim zilikuwa mashuhuri kwa kadhi kuliko kwa mtu yeyote mjini, na mtu wa elimu akiulizwa neno la lugha yake hujibu. Yawezekana pia kuwa alikuwa na hamu ya kujua mgeni huyu anataka nini. Bali lililotugusa sisi ni hesabu ya siku. Kutoka siku ile ya kuanza kutafsiri hata siku ya uzazi haukupita mwezi mmoja. Maana yake ni kuwa maneno yale ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi yalikuwa yakitafutiwa Kiswahili chake huku mwenye nyumba akihesabu siku za mkewe, na kwa hakika moyo wake haukuwa wote kwenye karatasi.

Tarehe 6 Julai alizaliwa mtoto wa kike. Furaha hiyo ilikuwa fupi mno. Homa ilimkamata mama, na baba naye alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo, hata hakuweza kumuuguza mwenziwe. Wiki ile ya kwanza, ambayo kwetu sisi ni wiki ya akika na ya kumpa mtoto jina, kwa nyumba hiyo ikawa ni wiki ya mauti. Tarehe 13 Julai Bibi Rosine alifariki. Krapf alijikokota kutoka kitandani mwake mwenyewe ili ahakikishe kuwa kweli mkewe amekufa. Baada ya siku mbili mtoto akamfuata mama yake.

Ni homa gani hiyo? Wakati ule watu wa Ulaya waliamini kuwa homa ya pwani yatokana na hewa mbaya ya vinamasi, na wengine wetu waliamini mengine yasiyokuwa na msingi. Ilikuwa mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, alipoonyesha kuwa ugonjwa wa malaria huchukuliwa na mbu. Leo tumejua zaidi. Mtu aliyekulia mahali pasipo malaria mwili wake hauna kinga nayo. Na mwanamke mwenye mimba huwa dhaifu zaidi mbele ya ugonjwa huu, hata yule aliyezaliwa nao, na mtoto aliye tumboni hudhurika pia. Bibi Rosine alikuwa na mambo yote mawili, na alifika kwetu katika mwezi wa mvua za masika. Hapakuwa na hospitali mjini, wala neti iliyotiwa dawa. Wazazi wa Kisauni, Likoni na Changamwe hawahitaji kuelezwa mtoto wa siku chache mwenye homa ni kitu gani usiku wa manane. Vifaa ndivyo vilivyozidi, na ni haki ya mke mwenye mimba kupelekwa kliniki mapema wala asingojee ruhusa ya mtu aliye safarini.

Turudi kwa Krapf. Angaliweza kumzika mkewe kisiwani, lakini kaburi likachimbwa bara, ng'ambo ya maji, katika ardhi ya Wamijikenda, ambao siku hizo wakiitwa Wanyika. Makusudi yake ni kuwa kila mpita njia alionapo akumbuke jambo lililomleta mwanamke yule kutoka mbali. Kisha akawaandikia wakubwa wake Ulaya kuwa kaburi hilo ni alama ya kazi iliyokwisha anza. Hapa kalamu yetu yasita. Wako kati yetu wanaomwona kuwa ni mtu wa azma ya ajabu, asiyekubali hata msiba umrudishe nyuma. Wako wanaosema kuwa mtu aliyemzika mtoto wa kwanza njiani alipaswa kuiacha safari nyingine mpaka mke apate nguvu, na kuwa azma ya mume isilipiwe na mwili wa mke. Ni kweli kuwa Rosine mwenyewe aliipenda kazi ile na hakuburutwa. Lakini katika muda wa mwaka mmoja na kitu alijifungua mara mbili, na mara zote mbili mbali na mama yake na dada zake. Sisi twaona kuwa neno la hao wa pili lina uzito, na ni lawama isiyowahusu mapadri peke yao. Wafanya biashara, mabaharia na hata wenye kutafuta elimu wa dini yetu wamepata kuacha wake zao katika hali isiyofaa, wakijiambia kuwa jambo wanaloliendea ni kubwa.

Miaka miwili Krapf alikaa Mombasa bila mwenziwe. Homa ilimrudia mara kwa mara. Kazi yake kubwa ikawa ni maneno: alizunguka mjini na bara akiuliza na kuandika. Mwezi wa Juni 1846 alifika Johannes Rebmann, Mjerumani mwenziwe, na mwezi wa Agosti wote wawili wakahamia Rabai, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Changamwe, hali wagonjwa, wakipanda mlima kwa taabu kubwa. Huko wakafungua skuli, na watoto waliokuja walikuwa wachache. Mtu ambaye hakubakiwa na mtoto wake hata mmoja akawa akifundisha watoto wa wengine herufi moja moja. Hatujui kitu kinachoonyesha hali yake kuliko hicho.

Ya baada ya hapo yamekwisha andikwa na wengi, nasi twayapita upesi. Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya kutoka nchi ya Wakamba mwezi wa Desemba 1849. Wataalamu wa Ulaya wakawacheka kwa kusema pana theluji karibu na ikweta. Sarufi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa Tübingen mwaka 1850. Afya ikamshinda, akaondoka pwani mwaka 1853, akakaa katika kijiji cha Kornthal nchini kwao. Mwaka 1856 alioa tena. Alirudi kwetu mwaka 1862 kwa muda mfupi, kuwasaidia Wamethodisti walioanza kazi Ribe. Rebmann alibaki Rabai mpaka mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu.

Mwaka huo huo wa 1875, si mbali na lile kaburi, ilianzishwa Frere Town, makazi ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi walioibwa kutoka mbali, wasiojua tena njia ya kwao wala, wengine wao, majina ya wazazi wao. Mahali pa kengele yao paitwa Kengeleni mpaka leo, na wajukuu wao tumekaa nao kwa ujirani mwema. Basi ule ufuo uliokuwa na kaburi la mtoto mmoja ukapata sauti za watoto.

Krapf alifariki Kornthal mwezi wa Novemba 1881. Alikutwa amekufa hali amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi aliyoianza Mombasa ikatoka London mwaka uliofuata, kitabu kikubwa, ambacho ndani yake mna Kimvita cha wakati ule: maneno ya uvuvi, ya ujenzi, ya jikoni, ya uzazi na malezi, na mengine katika hayo vijana wetu hawayajui tena. Ameyapata kwa watu wa mji huu, waliompa kwa wema. Binti yake aliyezaliwa hapa aliishi siku tisa, hakufikia kusema hata moja katika maneno hayo.