Mujibur Rahman: alikataza vyama vya dini, kisha akakataza karibu vyote

Kule Bunia na pande zingine za Ituri, jina la Bangladesh linajulikana juu ya maaskari wa kofia za bluu. Walifika wakati wa MONUC, wakaendelea na MONUSCO, na tarehe 25 mwezi wa pili 2005 tisa kati yao waliuawa karibu na Kafe, upande wa ziwa Albert. Lakini inchi walikotokea haijulikani sana. Ni inchi ya Waislamu, karibu watu 9 kwa kila 10, na ilizaliwa mwaka wa 1971 kwa kupasuka kwa inchi ingine iliyokuwa imejengwa juu ya dini hiyohiyo. Kiongozi wake wa kwanza, Sheikh Mujibur Rahman, alikuwa Mwislamu. Hata hivyo serikali yake njo iliyoandika ndani ya katiba kwamba hakuna ruhusa ya kuunda chama cha siasa kwa jina la dini. Ubishi juu ya kipengele kile unaendelea mpaka leo.

Mujib alizaliwa tarehe 17 mwezi wa tatu 1920 katika kijiji cha Tungipara, Bengal, wakati Waingereza walikuwa wangali wanatawala India. Neno Sheikh kwake ni jina la ukoo tu, hakuwa mwalimu wa dini. Alisomea Calcutta, kwenye Islamia College, na huko akaingia siasa kwa mlango ambao leo unashangaza: Muslim League, chama kilichodai Waislamu wa India wapate inchi yao. Wakulima wengi wa Bengal walikuwa Waislamu, na matajiri wa mashamba wengi walikuwa Wahindu. Kwa kijana wa kijijini, kudai Pakistan ilikuwa pia kudai haki ya mkulima. Mwezi wa nane 1946 akaona upande mwingine wa siasa ile. Wahindu na Waislamu wa Calcutta walichinjana kwa siku kadhaa, maelfu wakafa, watu waliokuwa wakiuziana samaki na mchele mtaa mmoja.

Pakistan ikapatikana 1947. Ilikuwa inchi ya vipande viwili, na katikati kilometa zaidi ya 1.500 za ardhi ya India. Upande wa mashariki wakaaji walikuwa wengi kuliko magharibi, lakini serikali, jeshi na makuta vilikaa magharibi. Kitu kimoja tu kilikuwa kimewaunganisha: dini. Kumbe dini peke yake haikutosha. Wakubwa walipoamua Kiurdu kiwe lugha ya taifa, Wabengali wakakataa, na tarehe 21 mwezi wa pili 1952 polisi ikafyatulia risasi wanafunzi mjini Dhaka. Wabengali waliodai lugha yao waliitwa maadui wa Pakistan na hata wa Uislamu. Mujib hakuisahau namna ile: serikali inakosa jibu, inakimbilia dini.

Mwaka wa 1949 wapinzani walikuwa wameunda chama Dhaka, Awami Muslim League, na Mujib akachaguliwa kuwa mmoja wa makatibu wake wakati yuko gerezani. Mwaka wa 1954 wakaungana na vyama vingine, hata kimoja cha wanadini, wakaishinda Muslim League vibaya sana: chama kilichoizaa Pakistan kikapata viti visivyozidi 10 katika bunge la jimbo. Mwaka uliofuata chama kikatoa neno Muslim kwenye jina lake. Ikabaki Awami League, maana yake chama cha raia, na Mujib alikuwa sasa katibu mkuu. Wahindu wa mashariki, waliokuwa mamilioni, wakaweza kuingia bila kujificha. Hakuna sheria iliyowalazimisha kufanya vile. Ni wanachama wenyewe walikaa, wakabishana, wakaamua, na pengine ile njo kazi bora ya Mujib katika jambo hili lote.

Kisha jeshi likachukua utawala, mwaka wa 1958, chini ya jenerali Ayub Khan. Naye pia alijaribu marufuku: mwanzoni mwa 1964 akafunga Jamaat-e-Islami, chama kikubwa cha wale wanaotaka serikali ifuate sheria ya Kiislamu. Miezi haikupita mingi, korti kuu ikaifungua tena. Mujib yeye alikuwa akiingia na kutoka gerezani. Mwaka wa 1966 alitoa madai yake sita ya kulipa jimbo la mashariki mamlaka yake, wakamfunga, wakamshitaki uhaini, na 1969 umati wa Dhaka ukalazimisha aachiliwe. Hapo akapewa jina la Bangabandhu, rafiki wa Bengal.

Uchaguzi wa mwezi wa kumi na mbili 1970 unastahili kuangaliwa kwa utulivu. Jamaat-e-Islami ilishiriki kwa uhuru wote, ikahubiri kwamba Awami League itaharibu Uislamu. Wapiga kura wa mashariki, Waislamu wale wale, hawakuipa hata kiti kimoja. Katika Pakistan yote ilipata 4. Awami League ilipata 160 kati ya viti 162 vya mashariki, kiasi cha kuongoza inchi nzima. Kwa hiyo chama cha dini kilikwisha kuanguka kwa karatasi ya kura, bila kipengele cha katiba, bila polisi.

Lakini maaskari hawakukubali matokeo. Usiku wa tarehe 25 mwezi wa tatu 1971 jeshi liliingia Dhaka kwa vifaru, Mujib akakamatwa na kupelekwa magharibi. Miezi tisa ya vita ikafuata. Wakimbizi karibu milioni 10 walivuka kwenda India, na Wahindu waliwindwa kuliko wengine. Wakati huo viongozi wa Jamaat-e-Islami, wa Muslim League na wa vyama vingine vya dini walisimama na jeshi. Vijana wao wakajaa katika vikundi vya wenye silaha vilivyosaidia maaskari, Razakar na Al-Badr, na siku mbili kabla ya mwisho wa vita walimu wa iniversite, waganga na waandishi wa habari walitolewa nyumbani mwao Dhaka, wakauawa. Wauaji walisema wanalinda dini. Wengi wa waliouawa walikuwa Waislamu.

Mujib alirudi Dhaka tarehe 10 mwezi wa kwanza 1972, akakuta inchi ya makaburi. Ndani ya mwaka huohuo katiba ikawa tayari, na ikaanza kazi tarehe 16 mwezi wa kumi na mbili. Kipengele cha 38 kilitoa uhuru wa kuunda vyama, kisha kikaweka mpaka: si chama chenye kufuata shabaha ya siasa kwa jina la dini au kwa msingi wake. Mujib alieleza mara nyingi kwamba hii haikuwa vita na Mungu, kila mtu abaki na ibada yake, kinachokatazwa ni kutumia dini kama silaha ya siasa. Alipiga marufuku kamari na michezo ya kubahatisha ya farasi, redio ikasomesha vitabu vitakatifu vya dini nne, na 1974 akaenda mkutano wa inchi za Kiislamu kule Lahore.

Wenye kumtetea wana hoja nzito: chama kilichosaidia kuua raia hakiwezi kudai haki za chama cha kawaida. Shida ni kwamba katiba haikusema hivyo. Haikukataza wauaji, ilikataza aina ya mawazo. Aliyechukua bunduki na aliyetaka tu kuomba kura kwa imani yake waliwekwa kapu moja, wakati washirika wengi wa jeshi walisamehewa na Mujib mwenyewe mwishoni mwa 1973. Mkosaji akasamehewa, lakini chama hata kingeanzishwa upya na watu safi kikabaki kimekatazwa.

Na mkono uliozoea kufunga haukukoma pale. Mwezi wa tatu 1973 Awami League ilichukua viti 293 kati ya 300, wapinzani wakilalamika juu ya wizi wa kura. Mwaka wa 1974 njaa iliua maelfu ya watu, na hasira ikapanda. Tarehe 25 mwezi wa kwanza 1975 bunge lilibadilisha katiba: Mujib akawa raisi mwenye mamlaka yote, vyama vyote vikavunjwa, kikabaki kimoja, BAKSAL. Mwezi wa sita magazeti yakafungwa, yakabaki manne. Waliokuwa watu wazima Zaire wakati wa MPR hawahitaji kuelezwa hali ile.

Tarehe 15 mwezi wa nane 1975, mapema asubuhi, maafisa wa jeshi waliingia nyumbani kwake Dhanmondi, wakamuua yeye, mke wake, watoto wake watatu wa kiume na jamaa wengine. Mabinti wawili waliokuwa Ulaya, Hasina na Rehana, njo waliobaki.

Marufuku ya vyama vya dini haikuishi miaka mitano. Jenerali Ziaur Rahman aliiondoa kwa amri ya kijeshi, na Jamaat ikarudi. Hasina, alipokuwa waziri mkuu, alirudisha katika katiba maneno ya baba yake juu ya kutenga dini na siasa, lakini aliacha Uislamu kuwa dini ya taifa, kama ulivyowekwa mwaka wa 1988. Tarehe 1 mwezi wa nane 2024, barabara zikiwa zimejaa vijana, alifunga Jamaat kwa sheria ya kupambana na ugaidi. Siku nne baadaye alikimbia inchi. Kabla mwezi haujaisha, marufuku ile ikafutwa.

Nyumba ya Dhanmondi ilichomwa siku aliyokimbia, na mwezi wa pili 2025 umati ukaibomoa. Mwezi wa tano serikali ya mpito ilisimamisha kazi zote za Awami League, chama kile cha Mujib, ikitumia sheria ileile ya ugaidi.