Wasifu wa Oswaldo Cruz

Mtahiniwa, wengi huandika wasifu kana kwamba wanamwimbia mtu sifa. Usifanye hivyo. Wasifu mzuri humwonyesha mhusika akifaulu na akikosea, na mtahini huona tofauti hiyo upesi. Soma maisha ya daktari huyu wa Brazili ukijiuliza jambo moja: ikiwa aliyoyasema kuhusu magonjwa yalikuwa kweli, mbona watu wa jiji lake waliyapinga kwa mawe?

Oswaldo Gonçalves Cruz alizaliwa tarehe 5 Agosti 1872 katika mji mdogo wa São Luís do Paraitinga, jimbo la São Paulo. Baba yake alikuwa daktari. Oswaldo alipokuwa na umri wa miaka mitano, familia ilihamia Rio de Janeiro, mji mkuu wa nchi wakati huo. (Usiandike Brasília, huo ulifanywa mji mkuu mwaka 1960.) Aliingia chuo cha udaktari akiwa na miaka kumi na mitano, akahitimu mwaka 1892. Tasnifu yake ilihusu vijidudu vinavyoenezwa na maji. Baadaye alikwenda Paris kusomea elimu ya vijidudu katika Taasisi ya Pasteur.

Rio ya siku hizo ilikuwa bandari ya kuogopwa. Homa ya manjano, ndui na tauni vilipokezana kuua. Mwaka 1895 meli ya Italia iliyoitwa Lombardia ilitia nanga hapo, na mabaharia wake wengi wakafa kwa homa ya manjano. Meli nyingine zilianza kuikwepa bandari hiyo.

Cruz alirejea mwaka 1899 na kuikuta tauni imeingia bandari ya Santos. Seramu ya kuitibu ilitoka Ulaya, tena ilikuwa haba. Serikali ikaamua itengenezwe nyumbani. Mwaka 1900 taasisi ndogo ilifunguliwa katika shamba la Manguinhos, nje kidogo ya Rio, na Cruz akasimamia kazi za maabara. Farasi walidungwa vijidudu vya tauni vilivyouawa. Miili yao ilipojenga kinga, damu ilitolewa na seramu ikatengwa. Mwaka 1902 Cruz alikuwa mkurugenzi wa taasisi hiyo.

Mwaka uliofuata Rais Rodrigues Alves alimkabidhi afya ya umma ya nchi nzima. Alikuwa na miaka thelathini tu. Madaktari wengi bado waliamini kwamba homa ya manjano huenezwa na uchafu na nguo za wagonjwa. Cruz alifuata hoja ya Carlos Finlay wa Kuba, kwamba anayeieneza ni mbu. Vikosi vyake viliingia nyumba kwa nyumba, vikafunika mapipa ya maji, vikafukiza vyumba na kumwaga mafuta penye maji yaliyotuama. Kwa tauni, serikali ilinunua panya. Wajanja wakaanza kuwafuga ili wawauze! Hata hivyo, magonjwa hayo mawili yalipungua sana.

Kwa ndui mambo yalikwenda kombo, na hapa ndipo utulie usome polepole. Tarehe 31 Oktoba 1904 ilipitishwa sheria ya kumlazimu kila mtu achanjwe. Kanuni zilizopendekezwa zilidai cheti cha chanjo kwa anayetaka kazi, shule, safari, hata ndoa. Usidhani watu waliikataa kwa ujinga tu. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikibomoa nyumba za maskini katikati ya jiji ili kupanua barabara, na waliohamishwa walikuwa bado na uchungu. Sasa wageni wenye polisi walikuwa wakibisha mlangoni, na uvumi ukaenea kwamba wake na mabinti wangevuliwa nguo mbele ya wanaume wasiowajua. Hakuna aliyewaeleza kwa upole chanjo ni nini. Tarehe 10 Novemba ghasia zilizuka. Tramu zilipinduliwa, taa za barabarani zikavunjwa, na baadhi ya wanajeshi wakajaribu kuipindua serikali. Watu wapatao 30 walikufa, zaidi ya 900 wakakamatwa, na mamia wakasafirishwa hadi Acre, mbali katika misitu ya Amazon. Serikali ililazimika kuondoa amri ya kuchanjwa.

Kwa maoni yangu, Cruz aliijua chanjo vizuri kuliko alivyowajua waliopaswa kuchanjwa. Gharama ya kosa hilo ilionekana mwaka 1908, ndui iliporudi na kuua zaidi ya watu 6,000 jijini Rio. Safari hii wengi walikwenda wenyewe kuchanjwa, bila kusukumwa na polisi.

Mwaka 1907 maonyesho ya kazi za Manguinhos yalipata medali ya dhahabu mjini Berlin, na mwaka 1908 taasisi ikapewa jina lake. Mwaka 1909 mwenzake Carlos Chagas aligundua ugonjwa mpya, akakiita kijidudu chake Trypanosoma cruzi kwa heshima ya Cruz. Ukisoma Biolojia, utakikumbuka ndugu yake anayeenezwa na mbung'o hapa kwetu na kuleta malale.

Cruz aliacha wadhifa wa afya ya umma mwaka 1909, akabaki Manguinhos. Mwaka uliofuata alikwenda Amazon kuchunguza malaria iliyokuwa ikiwamaliza wajenzi wa reli ya Madeira-Mamoré. Maradhi ya figo yalimdhoofisha, akafariki Petrópolis tarehe 11 Februari 1917, akiwa na miaka arubaini na minne. Jumba kubwa la taasisi, lililojengwa kwa kufuata mchoro wake, lilikuwa halijakamilika.

Kazi haikusimama. Tangu mwaka 1937 Manguinhos imekuwa ikitengeneza chanjo ya homa ya manjano. Mgonjwa wa mwisho wa ndui katika Amerika yote alipatikana mwaka 1971, katika jiji hilohilo la Rio de Janeiro.